Tiba ya mazungumzo nayo ipewe chumba chenye mlango

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi huku Ukerewe, mwaka wa 19 sasa, na tangu 2019 kazi yangu kubwa imekuwa kusikiliza. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja. Anayetibu kwa mazungumzo anafanya kazi ya afya kama anayechoma sindano. Apangiwe zamu, apewe chumba, na kazi yake ihesabiwe.

Zamani nilikuwa dirisha la dawa. Mtu akija hali, halali, kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, alipewa panadol, na akirudi mara ya tatu anaandikiwa amitriptilini, dawa ya huzuni nzito inayoleta usingizi. Siku moja kijana wa dagaa alinirudishia vidonge vyake, kavifunga kwenye kipande cha gazeti. "Sista," akasema, "hii inanilaza nikiwa majini." Wanaojua uvuvi wa dagaa watanielewa. Ni kazi ya usiku wa giza, taa zinawashwa dagaa waje juu, na anayesinzia ukingoni mwa mtumbwi anaweza asirudi nyumbani. Sikuwa na kingine cha kumpa, nikamwambia aje kesho yake mchana tukae. Aliongea saa nzima, deni la nyavu, mke aliyerudi kwao Sengerema. Usiku ule hakulala vizuri, aliniambia mwenyewe, lakini alikuja tena. Ndipo nilipokwenda kusomea ushauri nasaha, kwa likizo yangu na mshahara wangu.

Wengi wakisikia ushauri nasaha wanadhani ni mawaidha: vumilia, muombe Mungu, acha mawazo. Hayo mgonjwa ameshaambiwa na shangazi, mchungaji na jirani. Tiba yenyewe ina hatua zake, na inachosha kweli kweli, kwa anayetibu na anayetibiwa.

Kuna mama wa upande wa Bugolora ameniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa, mdogo wake akiwamo. Tangu siku hiyo hakukanyaga kivuko. Baba yake alipofariki Ukara, yeye alilia akiwa ng'ambo hii, hakuzika. Alipofika kwangu, honi tu ya kivuko ilitosha kumtetemesha mikono.

Tulianzia mbali. Wiki ya kwanza tulikaa mahali ambapo ziwa linaonekana lakini gati halionekani. Kisha tukasogea mpaka gati likaonekana. Kisha tukashuka gatini kwenyewe, tukangoja honi ilie, na masharti yalikuwa mawili: hatuondoki mpaka moyo wake utulie, na hakuna anayemlazimisha kupiga hatua inayofuata. Mara ya kwanza alishika pindo la kitenge changu mpaka fundo likafunguka. Ilichukua dakika arobaini. Mara ya pili, dakika ishirini na kitu. Baadaye tuliingia ndani ya kivuko kikiwa kimefungwa kamba gatini, tukakaa kwenye benchi, tukashuka. Wiki ya tisa tulivuka. Njia nzima hakusema neno, na tulipofika Ukara alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba yake. Hakumeza kidonge hata kimoja.

Sisemi dawa hazina kazi. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anahitaji dawa na asiziache. Nasema habari ya wale wengi wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na hofu.

Wala si ndoto yangu peke yangu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliwafundisha watu wa huko huko wasio wataalamu wa afya ya akili kwa wiki mbili tu waongoze vikundi vya mazungumzo, mara moja kwa wiki, wiki 16. Matokeo yalichapishwa 2003. Kabla ya vikundi, washiriki 86 katika kila 100 walikuwa na sonona. Baadaye walibaki chini ya 7. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, walibaki kama 55 kutoka 94. Hao ni watu wa ziwa kama sisi, waliozika ndugu zao kwa UKIMWI kama walivyozika jirani zetu wa Kagera.

Mkubwa wangu mmoja wa kazi aliwahi kuniuliza mbele ya wenzangu kwa nini napiga soga saa nzima na foleni iko nje. Hakuwa na nia mbaya. Kwenye ripoti ya mwezi, kikao cha dakika 50 ni mgonjwa mmoja, na dakika tatu za kuandika dawa ni mgonjwa mmoja vile vile. Ripoti ndiyo inayomhukumu yeye, naye akanihukumu mimi.

Najua nitaambiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, wapo wataalamu. Wapo, na ni hodari. Lakini mtu wa Ukara avuke, apande gari hadi Nansio, apande meli hadi Mwanza, alale kwa watu, na afanye hivyo kila wiki? Atakwenda mara moja, arudi na vidonge. Wakati huo huo binti wa jirani yangu ana shahada ya saikolojia kutoka chuo kikuu na anasajili laini za simu pale Nansio. Halmashauri iwaajiri vijana hawa, walau mmoja kila kituo cha afya, wawasimamie na kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanaingia kila nyumba. Mtu wa hapa hapa anajua kwamba wavuvi hupatikana wakati wa mbalamwezi, maana dagaa hawavuliki, na atapanga vikao kwa mwezi wa angani badala ya tarehe.

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kikundi cha wavuvi sasa kina watu 11, na yule kijana wa vidonge ndiye anayewakumbusha wenzake siku ya kikao. Tunakutana chini ya mwembe, nyuma ya kliniki ya mama na mtoto, na kina mama walio kwenye foleni ya chanjo wanatusikia kila neno. Kikao kilichopita mwanaume mmoja alianza kusema habari za mtoto wake aliyezama. Akatazama foleni, akanyamaza, na sikuweza kumrudisha. Mvua za vuli nazo zimeanza.

Muuguzi,
Ukerewe, Mwanza