Usinunue masega kwanza, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia ekzosi inanuka yai viza na fundi anataka ubadilishe masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi. Subiri kwanza. Kilichoyaharibu kikibaki humo ndani, hata mapya yatakufa vilevile.

Kabla ya yote, zima gari, fungua boneti unuse karibu na betri. Betri inayochajiwa kupita kiasi hunuka hivyohivyo. Ukiikuta imevimba au ina moto, usiiguse wala usichomoe waya, maana gesi yake hulipuka kwa cheche moja; iache ipoe. Ikiwa haina dalili hizo, washa injini, ipime kwa multimita. Kwa kawaida utasoma volti 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, tatizo ni chaji ya alteneta, achana na ekzosi.

Betri ikiwa nzima, sasa rudi nyuma. Petroli ina salfa kidogo. Masega huishika salfa hiyo hewa inapokuwa nyingi, na petroli inapozidi huiachia ikiwa haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo unayoinusa. Ikitokea mara mojamoja baada ya kukanyaga mafuta kwa nguvu mlimani, usihangaike. Ikiwa ilianza ulipojaza mafuta mahali papya, yatumie yakaribie kwisha, ujaze kwingine uone. Isipoondoka, injini inapewa petroli kupita kiasi.

Fungua plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Masizi meusi makavu kwenye zote yanaonyesha petroli imezidi kote. Ikiwa nyeusi au imelowa moja tu, nozeli ya hapo, inayopulizia petroli, inavuja, au koili yake haitoi cheche. Na taa ya injini ikiwakawaka huku gari linamisi (silinda haichomi), simama, tafadhali. Petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega, na kwa joto hilo huyeyuka.

Kisha chomeka mashine inayosoma kompyuta ya gari. Kodi, yaani namba ya hitilafu, P0172 inasema petroli imezidi, P0420 inalalamikia masega, lakini kodi peke yake haimtaji mkosaji. Tazama namba wakati injini inaunguruma. Joto la injini linapaswa kufika nyuzi 80 hadi 100. Likigoma kwenye 20 na rejeta inachoma, sensa ya joto inaidanganya kompyuta kwamba injini bado baridi, nayo inaendelea kuongeza petroli.

Halafu, kwenye mashine hiyohiyo, angalia marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Hasi iliyopita asilimia 10 ina maana kompyuta inajitahidi kupunguza petroli inayoingia bila kuitwa: nozeli inavuja, au presha ya petroli iko juu. Kama regyuleta ya presha hiyo iko kwenye injini na ina mpira mwembamba wa vakyumu, uchomoe. Ukiona petroli ndani yake, regyuleta imepasuka. Mafundi wengi hupotea pale namba inapokuwa chanya, yaani kompyuta inaongeza petroli, ilhali plagi ni nyeusi. Hapo sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega, inasema uongo, au ekzosi ina tundu kabla yake na inavuta hewa ya nje.

Ukishatengeneza, futa kodi, uliendeshe nusu saa barabara kuu ili salfa iliyobaki itoke. Masega yapime baada ya hapo, yakiwa ya moto: sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, ikitulia, yanafanya kazi, ikipanda na kushuka upesi kama ya mbele, yamekwisha, na sasa yanunue.

Vipimo vyote vya kuwasha injini vifanyie nje, mwanangu. Petroli ikizidi, moshi unakuwa na kaboni monoksaidi nyingi isiyo na harufu kabisa, na harufu ya yai yenyewe huchosha pua hadi usiisikie tena.

Nitumie picha ya plagi na hizo namba za marekebisho kabla hujalipa chochote.

Mama yako