Unga wa jipsamu huharibikia ghalani na ndani ya ndoo

Mhariri,

Maungio ya dari yakipasuka, au mkanda wa pambo la dari ukimomonyoka mkononi, lawama zote hutupiwa kiwanda cha unga wa jipsamu. Mara nyingi unga ulitoka kiwandani ukiwa mzima.

Jasi, yaani jiwe la jipsamu, kama ile ya Makanya na Itigi, ni kalisiamu salfeti iliyoshikana na maji. Jiwe ukilishika ni kavu kabisa, lakini kilo 100 za jasi safi zina karibu kilo 21 za maji ndani ya fuwele zake, yaani chembe ngumu kama za chumvi. Likipikwa kwa nyuzi joto 120 hadi 150 hivi za Selsiasi, robo tatu ya maji hayo hutoka na kubaki kilo 84 za unga. Huo ndio tunaoununua. Moto ukizidi mno, maji yote huondoka, na jasi iliyoungua hivyo haigandi tena kwa muda unaomfaa fundi.

Unga ukitiwa maji huyarudisha yale uliyopoteza: hupata joto, fuwele nyembamba huota na kusukana, nao ukawa mgumu. Kuganda huko si kukauka, na fundi asiyetofautisha mambo haya mawili ndiye anayeharibu kazi. Kilo 10 za unga zinahitaji karibu lita 1.9 tu za maji ili zigande. Lita 6 au 7 tunazotia ni za kurahisisha kukoroga. Ziada ikikauka huacha vitundu, na kila lita unayoongeza inapunguza nguvu. Ukipaka rangi kabla ziada hiyo haijatoka, rangi itabanduka.

Nyunyiza unga juu ya maji, usimimine maji juu ya unga. Uache unyonye dakika moja au mbili, ndipo ukoroge. Ndoo iwe safi, kwa sababu mabaki yaliyoganda ni mbegu za fuwele: mchanganyiko mpya utashika kabla hujafika juu ya ngazi. Na ukishaanza kushika, utupe! Kuongeza maji na kuukoroga upya kunavunja fuwele zilizokwisha kusukana, wala hakuna unga mbichi wa kutosha kuota nyingine.

Wapo pia wanaochanganya saruji ili dari iwe ngumu zaidi. Saruji huwekewa jasi kidogo kiwandani ili isigande upesi. Jasi ikizidi, huungana na alumina (kiambato chenye alumini) ya saruji na kutengeneza fuwele zinazovimba, na nyufa huja baadaye, fundi akiwa ameshalipwa.

Ghalani adui ni unyevu, hasa huku pwani. Mfuko uliolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani hunywa maji polepole hadi unga unarudi kuwa jasi ukiwa bado haujafunguliwa. Kuupima ni rahisi: koroga gramu 100 na mililita 70 za maji kwenye kikombe cha plastiki. Unga mzima usiotiwa dawa ya kuchelewesha kuganda utashika ndani ya nusu saa na kikombe kitapata vuguvugu. Usipopata joto wala kushika, umekwisha.

Tunaviomba viwanda vichape tarehe ya kutengenezwa kwa herufi kubwa mbele ya mfuko, na wenye maduka wapange mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, wakiuza ya zamani kwanza.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam