Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa vituo vya afya: njooni bila kupiga simu

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu, salaam.

Mimi ni nesi. Miaka 4 nimefanya kazi kwenye kliniki binafsi ya ngozi, zile ambazo chini ya paa moja kuna daktari wa chunusi na vipele, kuna leza, kuna sindano za kujaza midomo na za kuondoa mikunjo. Jina la kliniki silitaji hapa. Nakuandikia wewe kwa sababu ya vile ukaguzi unavyofanyika, na hili nalisema kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza siku wakaguzi walipokuja.

Tulipigiwa simu siku 9 kabla. Siku 9 mheshimiwa, mtu anaweza kupaka rangi nyumba nzima! Meneja akaniletea karatasi ya friji ya dawa. Ile friji inatakiwa isome kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, manake ndo inatunza dawa kama Botox, ile ya sindano za kuondoa mikunjo, na kila siku mtu asome kipimajoto aandike namba na aweke saini. Karatasi ilikua tupu, zaidi ya mwezi mzima hakuna aliyeigusa. Nikaambiwa kaa hapo jaza. Nikakaa na kalamu yangu ya bluu nikaandika 4, 5, 4, 4, 5, 4, nikifika katikati nabadilisha kalamu naenda na nyeusi ili ionekane zamu tofauti, na kipimajoto chenyewe kilikua kimekufa betri siku nyingi, kioo kitupu. Mkaguzi alipokuja akafungua faili, akapitisha kidole kwenye mstari wa namba zangu, akapiga tiki. Friji ilikua nyuma ya kiti chake, angenyoosha mkono angeigusa, hakugeuka. Ile tiki inaniuma mpaka leo, na nimekosa, nakiri.

Sasa ombi langu la kwanza ndo hilo, anzeni na friji, faili lije baadae. Fungueni mlango, someni kipimajoto, angalieni tarehe za mwisho za dawa zilizosukumwa nyuma kabisa, afu ndo mlinganishe na karatasi.

Kwenye utakasaji wa vifaa ni hivyo hivyo. Bahasha za vifaa zina ile alama inayogeuka rangi ikipita kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, na wengi wanaiona wanaridhika, lakini ile alama inasema tu kwamba bahasha imepita kwenye joto, haisemi kama joto lilifika nyuzi 134 na likakaa dakika zinazotakiwa mpaka vijidudu vyote vikafa. Ulizeni kipimo cha vimelea, kile cha kuhakikisha mashine inaua vijidudu kweli, kilifanyika lini, na majibu yako wapi. Hesabuni vifaa pia. Kama kliniki ina seti 3 za kukatia na kwenye kitabu wamehudumiwa wagonjwa 11 ndani ya masaa mawili, na mzunguko mmoja wa mashine na kupoa unakula karibu saa nzima, hesabu itawaambia wenyewe. Niliwahi kuona seti inafutwa na spiriti inarudi mezani. Na madhara yake yanajulikana, kule New Mexico, Marekani, mwaka 2018 ilianza kugundulika kwamba kuna wateja wa spa isiyo na leseni walipata VVU, walikua wameenda kufanyiwa uso kwa visindano na damu yao wenyewe, yaani mtu ametoka nyumbani kutafuta ngozi nzuri tu.

Kuna jambo moja ambalo kwenye fomu zenu nilizoziona halina hata mstari. Alikuja kijana na doa jeusi chini ya unyayo, karibu na kisigino, kingo zake zimechanika chanika, anasema lilikua dogo sasa linakua na linamsumbua kwenye kiatu. Daktari hakuwepo siku hiyo, jina lake lilikua ukutani kwenye fremu tu. Aliyekuwepo akachukua leza akaliunguza. Dakika chache, kijana akavaa soksi akalipa akaondoka anashukuru. Mheshimiwa unajua kilichounguzwa hakiendi maabara, hakuna nyama iliyobaki ya kupima. Na sisi wenye ngozi nyeusi saratani ya ngozi aina ya melanoma ikitupata mara nyingi inajificha huko huko, unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley alifariki 1981 akiwa na miaka 36 na yake ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu. Yule kijana sijui yuko wapi, kwenye kitabu aliandikwa "kuondoa doa" basi. Nimeshamtafuta kwenye namba aliyoacha, haipatikani.

Kwahiyo naomba mkikagua kliniki ya ngozi mchukue kitabu cha wagonjwa mhesabu madoa na vinundu vilivyoondolewa, afu muombe majibu ya maabara ya kila kimoja. Yasipolingana simamisheni huduma hiyo siku hiyo hiyo.

Kwa wanaochoma filla, yaani zile sindano za kujaza midomo, ombeni kuona dawa ya kuyeyusha, hailuronidezi, iwe ndani ya jengo na isiwe imepitwa tarehe, manake filla ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inabadilika rangi na kuanza kufa, na ikielekea jichoni mtu anapofuka, hapo hakuna muda wa kuagiza dawa. Muulizeni anayechoma filla, hiyo dawa ya kuyeyusha ataichoma wapi na kiasi gani, aeleze kwa mdomo bila kwenda kugugo. Adrenalini na oksijeni za dharura pia. Na miwani ya leza, kila miwani ina namba zilizoandikwa kwenye kioo, zilingane na mashine iliyopo chumbani, sisi tulikua na miwani ya mashine iliyouzwa zamani.

Halafu zungumzeni na mfanya usafi na dada wa mapokezi wakiwa peke yao, meneja akae nje. Mfanya usafi ndo anajua boksi la sindano linajaa mpaka juu kabla halijabadilishwa. Dada wa mapokezi ndo anajua siku gani daktari hayupo. Wekeni na namba ambayo mfanyakazi anaweza kupiga bila kufukuzwa, mimi nisingejaza ile karatasi kama ningekua na pa kusema.

Kwetu siku yenye wateja wengi ni Jumamosi, na ndo siku daktari hayupo. Wakaguzi niliowaona walikuja Jumanne asubuhi. Naomba jibu lako hapa hapa hadharani, lini mtakuja Jumamosi bila kupiga simu, na ripoti mtaibandika mlangoni au itabaki kwenye faili?

Wako, nesi aliyejaza karatasi