Miili ya maonyesho, tuonyesheni saini zao

Mhariri, naomba nafasi kwenye safu ya barua. Nimesoma sana watu mtandaoni wakisifia yale maonyesho ya maiti halisi huko Ulaya na Marekani, zimechunwa ngozi zikawekwa mapozi kama zinacheza mpira, watu wanalipa kiingilio wanaenda kuangalia. Wanasema wamejifunza na siwabishii, pafu la mvuta sigara ukiliona kwa macho yako huwezi kulisahau. Ila huyo mtu ni nani, na nani alimuomba ruhusa?

Utaalamu huo alianzisha Mjerumani Gunther von Hagens pale Heidelberg mwaka 1977, wanatoa maji na mafuta mwilini kwa asetoni wanaingiza silikoni basi maiti haiozi tena. Yeye anasema miili mizima anayoonyesha ni ya watu waliosaini wenyewe wakiwa hai, na kama ndivyo sina ugomvi, mtu mzima kaamua. Lakini hata yeye 2004 alirudisha maiti 7 China baada ya kuonekana baadhi zina matundu ya risasi kichwani.

Washindani wake kwenye biashara hiyo ndo wameniumiza zaidi. Kampuni ya Premier ya Marekani ilikuwa na maonyesho New York, 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo Andrew Cuomo akawabana mpaka wakakubali kubandika tangazo kwamba maiti hizo zilipokelewa na polisi wa China, na kwamba kampuni haiwezi kuthibitisha kuwa sio za wafungwa. Walionunua tiketi wakaruhusiwa kudai hela zao, maonyesho yakaendelea na maiti zilezile!

Utetezi wao eti ni miili ambayo ndugu hawakujitokeza. Jamani, sisi tunaochangishana kwenye magrupu ya WhatsApp kusafirisha marehemu mpaka kwao tunajua ndugu wanakosekana kwa sababu gani, hawana nauli, hawajaambiwa, marehemu alipotea mjini miaka na miaka, au kafia gerezani na wao wanaogopa hata kwenda kuulizia, sasa hapo ruhusa imetoka wapi? Na hata ndugu wangekuwepo wakakubali, mimi bado ningetaka neno la marehemu mwenyewe.

Ufaransa walifanya la maana, 2009 mahakama ya Paris ilifunga maonyesho kama hayo, na kwenye rufaa waandaaji wakaambiwa wao ndo wathibitishe miili imetoka wapi na ridhaa iko wapi, wakashindwa.

Naandika nikiwa Moshi, ambako ukoo wa Mangi Meli, chifu wa Kichagga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, umehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani. Kwa hiyo naomba kabisa, akitokea mtu anataka kuleta maonyesho haya Tanzania asipewe kibali mpaka alete karatasi ya kila mwili mmoja mmoja, na nyie wahariri msipokee tangazo lake kabla hamjaziona hizo karatasi.

Msomaji wenu,
Moshi