Likizo ya bahari, wana Kanda ya Ziwa twendeni

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi mtu wa Mwanza, nimezaliwa huku kwenye mawe, ziwa naliona kila nikifungua dirisha na nalipenda sana. Ila likizo ya Juni tuliwapeleka watoto Pangani, kule Tanga, na tangu turudi sijatulia, ndo maana naandika.

Kilichotushika ni maji kupwa na kujaa. Huku ziwa unalikuta palepale ulipoliacha jana, kule asubuhi bahari imerudi nyuma mbali kabisa, mwanangu wa mwisho akaniuliza mama maji yameenda wapi, tukatembea kwenye mchanga una mistari mistari, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, halafu baada ya masaa kama sita maji yamejaa tena palepale tulipokuwa tumesimama. Kila siku mara mbili! Tukaenda na boti Kisiwa cha Maziwe, ni mchanga mtupu katikati ya bahari, maji yakijaa kinafunikwa chote kwahiyo lazima uwahi kuondoka.

Jioni chumvi imekukaukia ngozini, pweza wa nazi mezani, upepo wa kusi unapiga, jamani.

Safari ni ndefu kweli na basi linachosha, lakini wana Kanda ya Ziwa wenzangu wekeni hela kidogo kidogo muwapeleke watoto waione bahari wakiwa bado wadogo. Mimi na baba watoto tumeshaanza kuulizia kiwanja huko, cha uzeeni.

Mama wa watatu,
Nyegezi, Mwanza