Saa ya Ami Yako Inataka Mkono

Mombasa, Jumapili

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na habari ya ile saa nimeirudia kuisoma. Unasema Seiko 5 aliyokuja nayo marehemu ami yako kutoka Muscat akakuachia unaihifadhi kabatini, unaitoa Alhamisi usiku ujiandae na Ijumaa, unaikuta imesimama, unaitia ufunguo haukubali, na sasa wahofu kwamba inakufa. Haifi. Inakosa mkono tu.

Itazame mgongoni. Naamini utaona pameandikwa 7S26. Hiyo ndiyo mashine iliyotiwa ndani ya Seiko 5 nyingi tangu 1996, na haikuundwa itiwe ufunguo kwa vidole. Ukikizungusha kile kitufe cha pembeni kikiwa ndani, hakigusi kamani, ile springi inayoiendesha saa, hata kidogo, kwa hiyo usikilazimishe. Kinachokaza kamani ni kile chuma cha nusu duara kinachozunguka ndani kila mkono unapocheza. Seiko walibuni mwaka 1959 kiwiko kidogo sana kinachokifanya chuma hicho kikaze kamani kikizunguka kulia na kikizunguka kushoto vilevile, na nikikuona wewe unavyoongea kwa mikono, saa hiyo kwako haitalala njaa! Ikishiba hukaa kama saa arubaini bila kuvaliwa. Wewe unaiacha wiki nzima, itawezaje kuwa hai Alhamisi? Wala usiogope kwamba itakaza kupita kiasi: kamani ikijaa, huteleza yenyewe.

(Ile ya binamu yako inakubali ufunguo kwa sababu ni ya hizi mpya zilizotoka kuanzia 2019, zenye mashine ya 4R36. Usizilinganishe.)

Ukiikuta imesimama, ishike ikiwa imelala, uso juu, uipeperushe taratibu upande hadi upande kwa nusu dakika hivi. Ikishaanza kwenda, irekebishe, kisha vaa. Mkono utamalizia kazi.

Lililonishtua zaidi ni hili la kurekebisha tarehe Alhamisi usiku, baada ya isha na chakula. Tafadhali liache. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, meno ya gurudumu la tarehe na la siku yameshashikana, yanajitayarisha kugeuza. Ukiisukuma tarehe kwa kitufe wakati huo, waweza kuvunja jino, na jino likivunjika tarehe hukwama au hurukaruka ovyo. Na usiangalie giza la nje, angalia mishale: saa iliyosimama yaweza kuwa ndani ya saa hizo za hatari hata kama wewe umeishika adhuhuri. Fanya hivi. Vuta kitufe mpaka mwisho, zungusha mishale mbele hadi tarehe iruke. Hapo saa yajijua iko saa sita usiku. Endelea mbele mpaka mshale mfupi uipite 6 kidogo, yaani kumekucha. Sasa rudisha kitufe hatua ya kati: upande mmoja hugeuza tarehe, upande wa pili hugeuza siku, na siku hiyo ukitaka utaiacha kwa Kiarabu kama alivyokuwa akiisoma ami. Halafu vuta tena mpaka mwisho, ulete mishale mbele hadi wakati wako. Ikiwa ni jioni, mishale itapita kwenye 12 mara moja na tarehe haitabadilika. Kisha bonyeza kitufe kirudi ndani kabisa. Saa yenyewe huhesabu siku 31 kila mwezi, basi kazi ya tarehe itakufikia mara tano tu kwa mwaka ukiivaa kila siku.

Jambo la maji. Najua unatawadha nayo mkononi, na hapo sikubaliani nawe. Ilipokuwa mpya ilihimili, lakini ule mpira wa kuzuia maji umezeeka pamoja na saa. Mpaka fundi aubadilishe, ivue kabla ya udhu uitie mfukoni, si kwenye ukingo wa birika ambako utaisahau. Ukiona ukungu chini ya kioo, usingoje ukauke wenyewe. Ipeleke siku hiyo hiyo, maana chumvi ya pwani yetu haina subira na vyuma. Atari nayo jipake kwanza, ikauke, ndipo uvae saa. Cheni isugue kwa mswaki laini na maji ya sabuni, ikiwa imefunguliwa kwenye saa.

Usiku usiilaze juu ya spika wala karibu na kava la simu lenye sumaku. Saa iliyoshikwa na sumaku hukimbia dakika nzima kwa siku, watu wakadhani imeharibika, kumbe fundi ana kimashine cha kuiondoa sumaku kwa muda mfupi tu. Ikikimbia au ikibaki nyuma sekunde kumi au ishirini kwa siku, hiyo ni tabia yake, iache.

Fundi mtafute yule wa barazani mwenye lenzi jichoni na sinia yenye vyombo safi. Mwambie aifungue yote, aisafishe, aitie mafuta mapya na abadilishe mpira. Akikuambia atapuliza tu na kutia tone la mafuta bila kuifungua, mshukuru uondoke nayo. Mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani husaga vyuma, na ukiniuliza mimi, hilo ndilo linaloua saa nyingi kuliko maji.

Najua unaificha kwa kumheshimu ami. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuivua ila kulala, tulimwona sote. Ivae sokoni, ivae kazini. Ikipata mkwaruzo, upate.

Ukishaivaa wiki nzima, niandikie unieleze imekimbia au imebaki nyuma kiasi gani, nami nitakujibu kama haja ya fundi ni ya haraka. Mfikishie mama shikamoo yangu, na watoto wote wasalimie.

Wasalaam,
Sahibu yako wa siku zote