Kuzaliwa Uingereza pekee hakuleti uraia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalorudiwa mno katika mabaraza yetu hapa Unguja, kwamba mtoto akizaliwa Uingereza huwa raia wa huko papo hapo na mama yake naye hupata haki ya kubaki. Wiki hii, nje ya duka la fotokopi Darajani, nimemsikia kijana akimhakikishia hivyo dada yake mjamzito, fomu ya viza ikiwa mkononi, na nimesikitika sana, kwa sababu wapo wanaouza viwanja kwa kuyategemea maneno haya.

Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, iliondoa utaratibu huo wa zamani. Tangu hapo, kwa kawaida, mtoto huzaliwa raia iwapo angalau mzazi wake mmoja ni raia au ana ruhusa ya kuishi huko bila kikomo. Kwa aliyezaliwa baada ya tarehe hiyo, cheti cha kuzaliwa cha London pekee hakithibitishi uraia. Mtoto aliyeishi huko miaka yake 10 ya mwanzo anaweza kuombewa usajili, kwa masharti, lakini hilo halimpi mama yake uraia.

Nadhani wengi wanachanganya na Marekani, ambako uraia wa kuzaliwa uliingizwa katika katiba mwaka 1868. Nawaomba mawakala wa safari wawaeleze wateja sheria ilivyo kabla ya kupokea fedha zao.

Msomaji wako,
Mjini Unguja